Vielezi vya Kiingereza (3): Hard na Hardly Si Mapacha

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, lawama za Kiingereza huondoka stendi ya Korogwe na kufika Handeni kabla ya basi. Huyu analaumu walimu, yule simu. Mimi nalaumu vielezi.

Juzi kijana wa Handeni alinipa barua yake ya kuomba kazi niipitie. Aliandika: "I have hardly worked for three years." Alikusudia kwamba amejituma miaka 3. Bosi atasoma kwamba kwa miaka 3 huyu ni kama hajashika kazi! Bidii ni "hard", tena hukaa nyuma ya kitenzi: "I have worked hard." Kijana amejinyima mkate kwa herufi 2.

Wiki iliyopita tulifananisha -ly na vi- ya "vizuri". Leo tazameni mtego wake: "late" ni kwa kuchelewa, "lately" ni siku hizi; "near" ni karibu, "nearly" ni nusura. Sisi "karibu" tunalitwisha yote: kaa karibu na mto, karibu azame, na mgeni mlangoni tunampokea kwa hilo hilo.

Hapo ndipo ninapowakumbuka wazee wa kamusi, na mtanivumilia. Mwaka 1882 Woodward wa misheni ya UMCA alitoa kitabu cha Kibondei. Mwaka 1894 Madan alitoa kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili, na mwaka 1903 akaigeuza, Kiswahili kwa Kiingereza. Mwaka 1906 Kisbey akatoa kamusi ya Kizigua, lugha ya Handeni hii hii. Johnson naye, mwaka 1939, alijengea juu ya msingi wa Madan. Wageni hao waliketi na wenyeji, wakauliza neno moja moja. Sisi kamusi tunazo kiganjani, tunaona uvivu kuzifungua. Asiyeuliza maana ya neno asishangae neno likimuumbua.

Nafasi inaniishia, na "only" bado. Kanuni ni moja: liwe jirani wa neno linalolibana. "Juma tu alileta mkonge" ni "Only Juma brought sisal", "Juma alileta mkonge tu" ni "Juma brought only sisal." Kwetu "tu" hufuata, kwao "only" hutangulia. Ukilitupa popote, Juma na mkonge wanagombana.

Barua ya kijana tuliiandika upya kwa sentensi 5 fupi, akaisoma kwa sauti mara mbili. Mara ya pili alijisahihisha mwenyewe.

Wiki ijayo: mkato.