Kura Ifundishwe Kabla ya Sanduku Kufika

Igoma ni mlango wa mji wa Mwanza. Asafiriye kwa barabara kutoka Musoma, Bunda au Magu hupita hapa kabla ya kufika katikati ya mji, na Mkerewe aliyevuka kwa kivuko cha Rugezi na Kisorya naye hufikia papa hapa, akiwa na mzigo wake na habari za visiwani. Ni hapa Igoma pia walipozikwa wengi wa ndugu zetu waliopotea katika meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei, 1996. Kwa hiyo kata hii ina undugu na watu wa bara na watu wa visiwani kwa pamoja, nasi twaona inafaa jambo tunalotaka kulisema leo lianzie hapa.

Jambo lenyewe ni hili. Kijana anayemaliza kidato cha nne akiwa na umri wa miaka 17 au 18 anajua nini juu ya vyama vya siasa, juu ya uchaguzi, na juu ya haki yake ya kupiga kura? Ibara ya 5 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa haki hiyo kila raia aliyetimiza miaka 18. Haki hiyo humfikia kijana mara tu atokapo darasani, na mara nyingi humkuta hajui aishike vipi. Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Sisi tunaoishi kandokando ya maji tunajua kwamba samaki aliyekwisha kauka juani hakunjiki, huvunjika.

Lazima tukumbuke kwanza kwamba haki hii haikushuka kama mvua. Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa mwaka 1958 na 1959, mtu hakupiga kura kwa sababu tu alikuwa mtu mzima. Alitakiwa awe na kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au kiwango cha elimu kilichowekwa, au cheo kilichotajwa na serikali ya kikoloni. Katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 8, walioandikishwa walikuwa wapatao 60,000 tu. Tena kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu kwa mpigo, Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, asije akaipoteza kura yake. TANU ilijadili kwa uchungu mjini Tabora mwezi Januari 1958 kama iingie katika uchaguzi wa namna hiyo, nayo ikaamua kuingia.

Huku kwetu mambo yalikuwa mazito zaidi. Tangu mwaka 1954 mpaka 1958, TANU ilipigwa marufuku katika Usukuma. Mwaka 1958 wananchi wa Geita walipokataa baraza la wilaya waliloundiwa bila ridhaa yao, walikuja kwa maelfu mpaka Mwanza kuyasema malalamiko yao. Watu hao wengi wao hawakuwa na kura. Walikuwa na miguu yao na sauti zao tu. Mtoto wa Igoma anayesoma historia ya uhuru kana kwamba yote ilitendeka Dar es Salaam amenyimwa urithi wake.

Baada ya uhuru tulipita njia nyingine. Katiba ya Muda ya mwaka 1965 ilitufanya nchi ya chama kimoja, lakini katika majimbo mwananchi aliwekewa wagombea wawili wa chama hicho hicho, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, ili asiyejua kusoma naye aweze kuchagua. Uchaguzi huo haukuwa wa mzaha. Ndugu Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha na mtu aliyejijengea jina kubwa katika ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa, aliangushwa na wapiga kura wa huku nyumbani mwaka huo huo. Hili ni somo kwamba mwananchi akipewa nafasi ya kuchagua kweli, cheo hakimtishi.

Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipokusanya maoni, zaidi ya robo tatu ya waliohojiwa walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo Tume ilishauri vyama vingi viruhusiwe, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Mwalimu akitaka kuwafundisha wanafunzi maana ya kuwasikiliza wachache, asihangaike kutafuta mfano wa mbali. Na akitaka kuwaonyesha kwamba kura hubadilika, awakumbushe kuwa mwaka 2010 majimbo ya Nyamagana, Ilemela na Ukerewe yote yalichukuliwa na CHADEMA, na mwaka 2015 Nyamagana na Ilemela yakarudi CCM. Watu ni wale wale, ziwa ni lile lile, bali uamuzi ulikuwa mwingine.

Sasa tuitazame shule. Enzi za chama kimoja lilikuwapo somo la Siasa. Lilimfundisha mtoto Azimio la Arusha, ujamaa na ukombozi wa Afrika, lakini halikumpa nafasi ya kupima chama kimoja na kingine, kwa kuwa kingine hakikuwapo. Baada ya mageuzi somo hilo liliondoka, likaja la Uraia, na mitaala mipya iliyoanza kutumika kwa awamu mwaka 2024 imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Majina yamebadilika, lakini twahofu kwamba desturi moja imebaki, nayo ni ya kukariri. Mwanafunzi hutaja sifa tano za uchaguzi wa haki, akapata alama zake, kisha akaenda nyumbani bila kujua kituo cha kupigia kura cha mtaa wake kiko wapi.

Walimu wengi wana hofu, nasi hatuwezi kuwalaumu upesi. Mwalimu akilitaja jina la chama darasani, huogopa kuambiwa kwamba anakipigia debe. Lakini Sheria ya Vyama vya Siasa inachokataza ni kufungua matawi ya vyama mahali pa kazi na mashuleni. Haikatazi mtoto kufundishwa chama ni kitu gani, kinasajiliwa na nani, na kwa masharti gani. Sheria hiyo inataka chama kiwe na wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10, ikiwamo miwili ya Zanzibar, na kinakataza chama cha kabila, cha dini au cha eneo moja. Kumweleza mwanafunzi hayo si kampeni. Kampeni ni kumwambia amchague nani.

Twapenda kupendekeza njia nyepesi isiyohitaji fedha za wafadhili. Kila shule ina viranja. Badala ya mwalimu wa zamu kuwateua, wachaguliwe. Iandaliwe orodha ya wapiga kura, ibandikwe ubaoni kwa siku kadhaa, na mwanafunzi aruhusiwe kuuliza kwa nini jina lake halimo, au kwa nini limo jina la aliyehama shule. Wagombea waeleze wataifanyia shule nini, nao waulizwe maswali. Boksi la sabuni litafaa kuwa sanduku la kura, likaonyeshwa tupu kabla ya kufungwa. Kura zihesabiwe mbele ya wote, na wakala wa kila mgombea atie sahihi na kupewa nakala ya matokeo. Aliyeshindwa ampe mkono aliyeshinda. Na kukitokea malalamiko, yasikilizwe na kuamuliwa kwa maandishi. Kijana aliyepita katika zoezi hilo mara tatu au nne atakapoingia kituoni saa moja asubuhi akiwa mtu mzima, hatababaishwa na mtu.

Mambo yenye ubishi nayo yasifichwe. Katiba inataka mgombea wa ubunge au urais awe mwanachama wa chama cha siasa. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga sharti hilo mahakamani kwa miaka mingi, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilimpa haki. Matokeo ya ubunge yanaweza kupingwa katika Mahakama Kuu, lakini matokeo ya urais yakishatangazwa na Tume, Katiba inaizuia mahakama kuyachunguza. Mwanafunzi aelezwe sheria kama ilivyo, kisha asikie hoja za wanaoitetea na za wanaotaka ibadilishwe. Akili inayofundishwa upande mmoja tu hupotea njia siku inapokutana na upande wa pili.

Ndugu zetu wa visiwani wana somo lao la pekee. Mvuvi wa dagaa hufuata mwezi na upepo. Leo yumo katika kambi ya Ukara, mwezi ujao yupo Irugwa au Kome. Tena madaftari ni mawili. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, ambalo ni la uchaguzi wa Rais, wabunge na madiwani, liko chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji, vitongoji na mitaa, kama ule wa tarehe 27 Novemba, 2024, una orodha yake ya wakazi, na husimamiwa na wizara yenye dhamana ya serikali za mitaa. Aliyeandikwa katika moja asidhani ameandikwa katika zote mbili. Na aliyehama kambi bila kurekebisha taarifa zake atajikuta siku ya kura jina lake liko ng'ambo ya maji na yeye hana nauli ya mtumbwi. Mtoto wa shule ndiye awezaye kumkumbusha baba yake jambo hili mapema, kwa kuwa ndiye anayesoma matangazo.

Oktoba 2024, wakati wa kuandikisha wakazi, vyama vya upinzani vilidai kwamba katika sehemu mbalimbali za nchi wanafunzi wasiotimiza miaka 18 walikuwa wakiandikishwa. Sisi hatukusudii kuamua madai hayo hapa. Tunasema tu kwamba mwanafunzi aliyefundishwa vema atakataa mwenyewe kuandikwa kabla ya umri wake, hata kama anayemwita ni mtu mzima mwenye kalamu mkononi.

Wakazi wa visiwani wanajua kuliko wengine gharama ya hesabu isiyo ya kweli. MV Nyerere, kivuko kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kilipinduka tarehe 20 Septemba, 2018 karibu na gati la Bwisya, Ukara, kikiwa na watu zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo, na watu zaidi ya 220 wakafa. Nani aliyepaswa kuuliza juu ya kivuko hicho katika Halmashauri na Bungeni? Ni wale waliochaguliwa. Kura basi ni jambo la kivuko, la zahanati, la bei ya samaki na la usalama wa mtoto anayevuka kwenda shule. Mwalimu akianza somo lake hapo, hakuna mwanafunzi atakayesinzia.

Hatuwezi kumaliza bila kugusa kidonda kibichi. Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba, 2025 ulifanyika bila CHADEMA kuwamo katika karatasi za kura. Siku hiyo na zilizofuata miji kadhaa ilishuhudia maandamano, ghasia na vifo, na mtandao wa intaneti ulizimwa. Wengi waliokuwa barabarani walikuwa vijana, umri ule ule wa wanaotoka madarasani mwetu. Serikali iliunda tume ya uchunguzi. Wapo wasemao kwamba baada ya hayo ni heri siasa isitajwe kabisa mbele ya watoto. Sisi twaona kinyume chake. Kijana asiyeona njia ya halali ya kusikilizwa, au aliyeiona ikazibwa mbele yake, hatulizwi kwa kunyamaziwa. Watoto hao waliyaona yaliyotokea, na wanayazungumza wenyewe wakiwa njiani kurudi nyumbani. La kuamua ni kama watayazungumza wakiwa na elimu au bila elimu.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa elimu wa mkoa na wilaya watoe tamko la wazi, kwa maandishi, kwamba mwalimu anayefundisha vyama, uchaguzi na haki ya kura bila kuegemea upande hatasumbuliwa. Twaiomba Tume iwafikishie wanafunzi mifano ya karatasi za kura na fomu za matokeo, na katika kuboresha daftari isiisahau mialo na kambi za wavuvi. Twawaomba viongozi wa vyama vyote wayaache madarasa yawe madarasa. Na lililo kubwa kuliko yote, twawaomba wenye mamlaka wahakikishe kwamba kile kinachofundishwa ubaoni ndicho kinachofanyika kituoni, kwa maana somo la uraia lina mtihani ambao wanafunzi huwasahihishia wakubwa.

Uchaguzi ujao wa vijiji na mitaa unatarajiwa mwaka 2029, na Uchaguzi Mkuu mwaka 2030. Mtoto aliye kidato cha kwanza hapa Igoma leo atakuwa mpiga kura wakati huo. Muda wa kumfundisha upo, lakini si mwingi.