Msamaha wa Kanisa na Lawama ya Mtaa

Maisha ya Rumonge, mji wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, hufuata ziwa na mwezi. Usiku wa giza wavuvi huwasha taa kuwavuta ndagala, samaki wadogo wa ziwa hilo. Mwezi ukiwa mpevu, nyavu hupumzika. Wanaume wengi huwafuata samaki hadi upande wa Kongo na Tanzania. Wanawake huanika ndagala, huuza mawese, hulea watoto. Katika maisha ya namna hii, msichana akipata mimba nje ya ndoa, tumbo lake halifichiki, ilhali mwanamume aliyempa mimba anaweza kuwa Kalemie au Kigoma, ng'ambo ya ziwa, kabla hajaulizwa lolote.

Kwa Warundi mtoto ni baraka na heshima ya ukoo. Lakini zamani mimba ya binti ambaye hajaolewa ilihesabiwa kuwa mkosi, naye alifukuzwa nyumbani au hata kuuawa. Ukatili huo umepungua, aibu imebaki. Ndiyo humsukuma msichana kutafuta dawa za kienyeji kwa siri. Akiumia, huogopa hata kufika hospitali, kwa kuwa sheria ya Burundi inaadhibu utoaji mimba, isipokuwa pale maisha au afya ya mama inapokuwa hatarini.

Kanisa Katoliki lina historia nzito hapa. Wamisionari wa Afrika walifika Rumonge mwaka 1879, na tarehe 4 Mei 1881 watu watatu wa misheni yao, Deniaud, Augier na D'Hoop, waliuawa katika ugomvi uliohusu mtoto mmoja. Leo Rumonge iko chini ya Jimbo la Bururi. Fundisho ni lile lile la Kanisa zima: kutoa mimba ni dhambi kubwa, na anayehusika anaweza kutengwa na Kanisa papo hapo, bila hukumu kutamkwa. Zamani kuondolewa adhabu hiyo kulimtegemea askofu, au padre aliyepewa ruhusa. Mwaka 2015 Papa Fransisko aliwapa mapadre wote uwezo wa kusamehe dhambi hiyo katika Mwaka wa Huruma, na Novemba 2016 akauendeleza bila kikomo. Dhambi haikupunguzwa uzito. Njia ya kurudi ndiyo iliyofupishwa.

Kuna jambo jingine linalostahili kufundishwa wazi parokiani. Sheria hiyo hiyo ya Kanisa haimpi adhabu aliye chini ya miaka 16, wala haimtengi papo hapo aliye chini ya miaka 18 au aliyetenda kwa kushikwa na hofu kubwa. Wasichana wengi wanaojiona wamekwisha kufukuzwa mbele za Mungu hawakutengwa kamwe. Wanahitaji kuungama, ndiyo, lakini waende kama watoto wa nyumbani.

Waislamu wa mitaa ya Waswahili, majirani wa Wakatoliki hawa, hawana kitubio mbele ya padre. Toba ni kati ya mja na Mola wake. Wanazuoni wao hutofautiana juu ya hukumu ya kutoa mimba kabla ya siku 120, lakini baada ya hapo wanakubaliana kuwa ni haramu, ila kwa dharura ya kuokoa uhai wa mama. Pande zote mbili huamini kwamba mlango wa rehema haufungwi kwa anayetubu kweli.

Hapo ndipo ninapoona kasoro yetu. Mila ya bashingantahe, wazee wapatanishi wa Warundi, inataka pande zote zisikilizwe kabla ya mtu kulaumiwa, na wagombanao wapatanishwe. Lakini siri hii haiwezi kupelekwa barazani, hivyo mwanamke huenda kuungama peke yake. Mwanamume aliyemwacha, mzazi aliyetishia kumfukuza, jamaa aliyetoa fedha za dawa, wote huendelea kukaa viti vya mbele. Kanisa lenyewe halifundishi kwamba mwanamke peke yake ndiye mkosaji: adhabu inaweza kumfikia pia yule ambaye bila msaada wake tendo lisingefanyika.

Kuisamehe dhambi si kusema haikuwepo. Lakini msamaha unaoishia kwenye kiti cha maungamo, huku mtaa ukiendelea kumnyooshea mwanamke kidole, ni msamaha nusu. Baba amwambie binti yake mapema kwamba nyumba hii ni yake hata akikosea. Kijana aliyempa mimba naye aende kuungama sehemu yake. Wanaotetea uhai waanze hapo, maana hofu ikipungua nyumbani, hata hizo mimba zinazotolewa gizani zitapungua.