Lori Likikataa Kuwaka

Mkulima wa Masisi au wa Rutshuru ajua ya kuwa kazi yake haiishi shambani. Kabichi, viazi na maharagwe havina budi kufika soko la Goma, au kwa watu wanaochimba madini huko Rubaya, na njia yake ni lori. Mengi ya malori hayo ni ya zamani. Magunia yamekwisha kupangwa, wenye mali wamekaa juu yake, dereva azungusha ufunguo, na lori halitaki kuwaka. Hapo ndipo mkulima na mchimbaji hutofautiana. Koltani ikingoja majuma mawili haiharibiki. Kabichi iliyobanwa ndani ya magunia huanza kuoza baada ya siku chache, na hasara ni ya yule aliyeilima.

Basi, lori likikataa, kila mtu hutoa shauri lake. Huyu ataka lisukumwe, huyu ataka injini ifunguliwe, huyu asema inunuliwe betri mpya. Fedha hutoka, na lori lingali limesimama. Njia iliyo bora ni moja: tafuta kwanza ugonjwa, ndipo ulete dawa, na uanze na mambo yasiyogharimu kitu. Soma maneno haya hata kama wewe si dereva. Mzigo ni wako, na kuuliza si kosa.

INJINI YA MAZUTU YATAKA NINI

Malori mengi makubwa hutumia mazutu. Injini ya mazutu haiwashwi kwa cheche ya umeme kama ile ya esanse. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyefaulu kuitengeneza injini ya namna hii mwaka 1897, alitumia joto la hewa. Hewa ikishindiliwa kwa nguvu hupata moto, kama vile pampu ya baiskeli ipatavyo joto unapojaza tairi. Mazutu yakipulizwa ndani ya hewa hiyo ya moto huwaka yenyewe. Kwa hiyo injini yataka mambo matatu: izungushwe kwa nguvu, ipate mazutu safi, ipate hewa ya kutosha.

Mji wa Goma uko kadiri ya meta 1,500 juu ya bahari, na uzito wa hewa hapo ni pungufu kwa sehemu moja katika sita ukilinganisha na Mombasa. Vilima vya Masisi vyapita meta 2,000, na asubuhi zake ni za baridi. Hewa nyepesi tena ya baridi haipati moto upesi, na betri nayo hupungukiwa na nguvu katika baridi. Ndiyo sababu lori linalowaka vizuri adhuhuri huko Goma laweza kukataa alfajiri huko mlimani. Si uchawi, wala si lazima injini iwe imekufa.

KWANZA, SIKILIZA

Washa taa za mbele, kisha dereva azungushe ufunguo. Sikiliza injini na kutazama taa.

Taa zikififia sana au kuzimika, na injini ikizunguka kwa uvivu au kugonga tu, umeme hautoshi. Ugonjwa u katika betri au katika nyaya zake.

Taa zikibaki na nguvu, lakini injini haizunguki hata kidogo, umeme upo ila haufiki panapotakiwa. Tazama nyaya za demarere, yaani ile mota ndogo ya kuzungusha injini, na demarere yenyewe.

Injini ikizunguka kwa nguvu lakini isiwake, usiishike betri. Ugonjwa u katika mazutu au katika hewa.

Usiendelee kuzungusha ufunguo bila kupumzika. Sekunde 15 zatosha. Kisha ngoja dakika 2. Asiyengoja huunguza demarere na kuimaliza betri, na sasa ana magonjwa mawili badala ya moja.

UKIONA NI UMEME

Usinunue betri kabla ya kutazama vichwa vyake, pale nyaya zinapofungwa. Mara nyingi utaona unga mweupe au wa kijani, au utaona kifungo kinachezacheza. Uchafu huo huuzuia umeme, hata kama betri ni nzima. Fungua kwanza waya wa kutoa (−), kisha wa kujumlisha (+). Osha kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi kidogo, vifuniko vya betri vikiwa vimefungwa, maana magadi yakiingia ndani huiharibu. Kwangua mpaka madini yang'ae, kaza sana, paka girisi. Waya wa kutoa urudishwe mwisho. Fuata waya huo mpaka unaposhikana na chuma cha gari, ukasafishe na hapo.

Fundi mwenye kipimo apime betri iliyopumzika. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha kama volti 12.6. Ikionyesha 12 tu, karibu imekwisha; yataka kujazwa umeme. Malori makubwa mengi yana betri mbili zilizofungwa pamoja kufanya volti 24. Moja ikiwa mbovu, ile nzima nayo hushindwa kazi, basi zipimwe moja moja.

Usilete sigara wala kiberiti karibu na betri. Betri inapojazwa hutoa gesi inayoweza kulipuka, na maji yake ni asidi inayochoma macho na ngozi.

UKIONA NI MAZUTU

Tazama moshi injini inapozunguka. Usipoona moshi wowote, mazutu hayafiki. Ukiona moshi mweupe, yafika lakini hayawaki: hewa haipati moto wa kutosha, au plagi za kupasha moto hazifanyi kazi, kama injini inazo.

Mazutu yasipofika, fuata mambo haya kwa taratibu.

1. Tazama kamba ya kuzimia injini. Ikiwa imebaki imevutwa, mazutu yamefungwa. Irudishe.

2. Ingiza kijiti safi ndani ya tangi. Usiiamini saa ya mafuta ya gari la zamani.

3. Fungua skrubu iliyo chini ya chujio la mazutu, ukinge katika chupa nyeupe. Acha chupa itulie. Maji ni mazito kuliko mazutu, nayo hukaa chini. Ukiyaona, endelea kumwaga mpaka mazutu yaje safi. Mazutu yaliyonunuliwa katika madumu kando ya njia yachujwe kwa kitambaa safi, yakaachwa yatulie kabla ya kutiwa.

4. Toa hewa. Tangi likikauka, au chujio likifunguliwa, hewa huingia katika mabomba, na pampu haiwezi kusukuma mazutu. Legeza skrubu ya kutolea hewa juu ya chujio, piga pampu ya mkono mpaka povu liishe na mazutu yatoke matupu, kisha kaza. Povu likirudi kila siku, kuna bomba lililopasuka au kifungo kilicholegea kati ya tangi na pampu.

Mabomba membamba yaendayo kwenye silinda aachiwe fundi. Mazutu hutoka humo kwa nguvu ya kutoboa ngozi. Mtu akitobolewa, apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo.

UKIONA NI HEWA

Moto wa Nyiragongo ulishuka ndani ya mji wa Goma tarehe 17 Januari 2002 ukafika ziwani. Mawe yake meusi yamesagwa kwa magurudumu, na vumbi lake huziba chujio la hewa upesi. Lifungue, lipigepige taratibu, likichakaa libadilishwe. Usiendeshe gari bila chujio. Vumbi hilo hula silinda kama msasa.

MAMBO YA KUKATAA

Usikubali moto uwashwe chini ya injini ili kuipasha. Usikubali lori liachwe literemke mlima wa kuelekea Sake ili liwake njiani. Breki za malori mengi hupata nguvu kwa injini. Injini ikiwa imezimika, huenda dereva asiweze kusimamisha gari. Watu wote walio juu ya magunia wamo katika hatari hiyo.

NA WEWE MWENYE MZIGO

Kila juma dereva amwage maji ya chujio na kutazama vichwa vya betri. Kila jioni ajaze tangi, maana tangi lililo nusu tupu hufanya umande ndani usiku. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nawe una kazi yako. Usikate kabichi kwa sababu umeambiwa tu ya kuwa lori litaondoka kesho. Mwambie dereva aliwashe kabla ya gunia la kwanza kupakiwa, na uisikie injini kwa masikio yako. Likikataa, fuateni mambo haya pamoja. Kabichi iliyo bado katika udongo yaweza kungoja siku mbili. Iliyo ndani ya gunia haingoji.