Bushi na Breki za Gari la Kasi: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua na Kufunga Mwenyewe

Mchimbaji wa Nyarugusu hauzi dhahabu yake kwa kuitazama rangi tu. Huipeleka ikapimwe uzito na ubora, ndipo bei itajwe. Mtu huyohuyo, akiingia katika duka la vipuri kutafuta bushi za gari lake, mara nyingi hununua kwa kuvutiwa na rangi ya boksi na maneno ya muuzaji. Makala haya yanakusudia kumsaidia mtumiaji avipime vipuri kwa uangalifu uleule, hasa anapotaka kuliboresha gari lake la kasi akiwa nyumbani.

Magari tunayoyazungumzia ni kama Toyota Altezza na Subaru Impreza, ambayo mengi yake huingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika Japani. Altezza ilitengenezwa kati ya mwaka 1998 na 2005. Mpira huzeeka kwa miaka, hata kama gari limetembea kilometa chache. Kwa hiyo, kabla mwenye gari hajajiuliza afunge kitu gani kipya cha kuongeza uwezo, ajiulize kwanza: je, vile vilivyopo bado ni vizima? Mara nyingi gari linalodhaniwa kuwa linahitaji kuboreshwa linahitaji tu kurudishiwa hali yake ya awali.

Kazi ya bushi

Bushi ni mpira uliobanwa kati ya mabomba mawili ya chuma, moja likiwa ndani ya jingine. Huunganisha mikono inayoshika magurudumu na bodi ya gari. Mkono unapopanda na kushuka, mpira hujisokota kidogo kisha hurudi mahali pake, na wakati huohuo humeza mshtuko wa barabara. Bushi ikichakaa, gari hugonga likipita kwenye tuta, usukani huyumba, gari huvuta upande mmoja wakati wa kufunga breki, na tairi huliwa upande mmoja.

Zipo pia bushi za plastiki ngumu, ziitwazo poliyurethani, ambazo mara nyingi huwa na rangi nyekundu au ya njano. Husifiwa kwa kuwa hulishika gurudumu imara zaidi gari linapokata kona kwa kasi. Sifa hiyo ni ya kweli kwenye lami na katika viwanja vya mashindano. Hata hivyo, ugumu huo una gharama. Mshtuko ambao mpira ungeumeza hupelekwa kwenye boliti, kwenye mikono ya magurudumu na kwenye bodi yenyewe. Aidha, nyingi kati ya bushi hizo huzunguka juu ya bomba la chuma na huhitaji kupakwa grisi maalumu. Vumbi likinasa katika grisi hiyo, huanza kusaga kama msasa, na bushi hulia na kulegea mapema.

Kwa gari linalopita kila siku katika barabara za changarawe na makorongo, bushi ya mpira iliyo halisi na inayolingana na gari husika ndiyo chaguo la busara. Bushi ngumu imfae yule ambaye safari zake nyingi ni za lami, na ambaye yuko tayari kuikagua na kuipaka grisi mara kwa mara.

Joto la breki linatoka wapi?

Breki hazifuti mwendo wa gari. Huugeuza kuwa joto. Gari la kilo 1,300 likisimamishwa kutoka mwendo wa kilometa 100 kwa saa huzalisha joto linalotosha kuchemsha takriban lita moja na nusu ya maji. Likisimamishwa kutoka kilometa 50 kwa saa, joto hilo huwa robo tu ya lile la kwanza. Sehemu kubwa ya joto hubebwa na breki za mbele. Ukifunga breki kwa nguvu mara nyingi mfululizo, joto hujilimbikiza kabla halijapata nafasi ya kutoka.

Joto likizidi, hutokea moja kati ya mambo mawili. La kwanza, pedi hupoteza uwezo wa kushika: pedali huwa ngumu kama kawaida lakini gari halisimami. La pili, mafuta ya breki huchemka na kutoa mapovu: pedali huwa laini na huzama hadi chini. Hili la pili ndilo linalopaswa kumtisha kila dereva, kwa sababu huja ghafla.

Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu kutoka hewani. Kwa viwango vya kimataifa, mafuta mapya ya DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzijoto 205 za Selsiasi, na ya DOT 4 chini ya 230. Yakishanyonya unyevu, viwango hivyo hushuka hadi 140 na 155. Kwa hiyo mafuta yaliyokaa miaka mingi katika gari ni hatari, hata kama chombo chake kimejaa. Kuyabadilisha takriban kila baada ya miaka miwili ni njia ya bei nafuu ya kuimarisha breki kuliko diski yoyote yenye matundu. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chombo cha mafuta ya breki, wala usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni.

Kupoza breki katika barabara ya vumbi

Katika magari ya mashindano, hewa huelekezwa kwenye diski kwa mrija unaoanzia kwenye bampa. Baadhi ya wenye magari huiga jambo hilo, na wengine hung'oa bati jembamba lililo nyuma ya diski wakiamini kwamba linazuia hewa. Katika barabara ya changarawe, mrija huo huleta vumbi pamoja na hewa. Bati hilo nalo limewekwa ili kuzuia mawe na tope visiifikie diski. Usiling'oe.

Diski nyingi za mbele zina uwazi katikati ya nyuso zake mbili. Diski inapozunguka, uwazi huo huvuta hewa na kuitupa nje, na hivyo diski hujipoza yenyewe. Masika, tope huingia humo na kukauka. Kusafisha uwazi huo kwa maji, breki zikiwa zimekwisha kupoa, ni kazi isiyogharimu chochote.

Pia chunguza kama kuna gurudumu moja linalopata joto kuliko mengine hata bila kufunga breki sana. Dalili hiyo mara nyingi huonyesha kwamba kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi, imekwama kwa vumbi au kutu. Hapo ubovu ndio unaoleta joto, na diski mpya haitauondoa.

Kazi unayoweza kuifanya nyumbani

Mwenye gari aliye na vifaa sahihi anaweza kukagua bushi, kupima unene wa pedi na diski, kusafisha breki na kubadilisha pedi. Azingatie yafuatayo:

1. Asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Gari likae juu ya stendi za chuma, mahali pagumu na tambarare, magurudumu yaliyo chini yakiwa yamewekewa vigingi.

2. Boliti za bushi za mpira zikazwe kikamilifu gari likiwa limekalia magurudumu yake. Zikikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia, mpira hukaa umejisokota wakati wote na hupasuka mapema. Kosa hili huharibu bushi nyingi mpya, na lawama humwangukia muuzaji bure.

3. Vumbi la breki lisipulizwe kwa kompresa wala kwa mdomo, kwa kuwa lina madhara kwa mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

4. Diski ibadilishwe ikifikia unene wa chini uliochongwa juu yake, na zibadilishwe mbili za ekseli moja kwa pamoja.

5. Baada ya kubadilisha pedi, pedali ikanyagwe mara kadhaa hadi iwe ngumu kabla gari halijaondoka. Kisha breki zijaribiwe kwa mwendo mdogo, mahali pasipo na watu.

Kung'oa na kushindilia bushi kunahitaji mashine ya kushindilia. Kuipiga kwa nyundo huweza kuharibu bushi na mkono wenyewe. Kazi hiyo, pamoja na kutoa hewa katika mfumo wa breki ikiwa hujawahi kuifanya, ipelekwe kwa fundi mwenye ujuzi. Baada ya kubadilisha bushi, magurudumu yapimwe mlingano. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, humtaka mwenye gari kuhakikisha gari lake ni salama barabarani. Ikiwa umebadilisha mfumo wa breki, ijulishe kampuni yako ya bima.

Unaponunua

Nenda dukani na namba ya chesisi ya gari, na ikiwezekana kipuri cha zamani. Linganisha uzito, vipimo na namba iliyochapwa juu ya kipuri chenyewe, si juu ya boksi pekee. Tazama kama maandishi yamefifia au yana makosa ya tahajia. Bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine ni sababu ya kuuliza maswali zaidi. Usinunue pedi wala bushi zilizokwisha kutumika.

Mweleze muuzaji aina ya gari na matumizi yake, kisha omba maelezo hayo yaandikwe kwenye risiti ya EFD au ankara. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba mnunuzi aliyeeleza matumizi na kutegemea ujuzi wa muuzaji kwa kawaida anastahili kupewa bidhaa inayofaa kwa matumizi hayo. Bila maandishi, ni vigumu kuthibitisha ulichoambiwa.

Ukibaini kipuri ni bandia, usiendelee kukitumia wala usikitupe. Kihifadhi pamoja na boksi na risiti, piga picha, kisha rudi kwa muuzaji. Asipokusikiliza, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kuhusu ubora usiokidhi viwango, wasiliana na Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Malalamiko yako hayakusaidii wewe pekee. Pedi bandia iliyobaki rafu leo itafungwa kesho katika gari la mtu mwingine, na huenda wewe ndiye utakayekuwa unavuka barabara mbele yake.