Mlo wa Pwani baada ya tumbo kupunguzwa

Katika Mji wa Kale, Mombasa, asubuhi huanza kwa mahamri na mbaazi za nazi, na mgeni haruhusiwi kuondoka bila kuonja kitu. Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza unene, ukarimu huo ni mtihani.

Katika aina moja ya upasuaji huo, takriban robo tatu ya tumbo hukatwa na kuondolewa. Katika nyingine, chakula hupitishwa kando ya sehemu ya utumbo. Wiki za kwanza ni za supu nyepesi. Baadaye samaki hutangulia, wali hufuata iwapo nafasi imesalia.

Halua ndiyo adui mkubwa. Sukari ikiteremka kwa kasi utumboni, mgonjwa hutokwa jasho, moyo humwenda mbio, kisha huharisha.

Miezi michache baadaye nywele hupukutika, ingawa aghalabu huota tena. Ngozi iliyolegea hairekebishwi na mlo. Lililo zito halionekani kwa macho: upungufu wa vitamini B12 huweza kuharibu neva, hivyo dawa za vitamini ni za maisha.

Anayenuia kufunga Ramadhani sharti amwone daktari kwanza, kwani tumbo dogo haliwezi kufidia maji ya mchana kutwa kwa futari moja.