Siku Tatu Bruxelles kwa Mtu Atokaye Likasi

Mtu wa Likasi, mji wa Katanga huko Kongo, hata kama makao ya wazee wake yako kando ya njia iendayo Shinkolobwe, mwendo wa kilomita kama 20 upande wa magharibi wa mji, hana ruhusa ya kuingia katika machimbo yale mashuhuri ya urani, kwa kuwa mashimo yake yalizibwa kwa zege wakati utawala wa Kibelgiji ulipokuwa ukifikia ukomo wake, na wachimbaji wa mikono waliorejea miaka ya baadaye kutafuta kobalti wakakatazwa kwa amri ya rais mnamo Januari 2004. Lakini mtu huyo huyo, akijaliwa siku tatu za matembezi katika mji wa Bruxelles, huweza kusimama mbele ya shaba ya kwao, kulisoma jina la kampuni iliyoichimba ardhi ya kwao, na kula bukari, yaani ugali, na sombe, yaani majani ya muhogo, kabla ya jua kutua. Vitabu vya watalii havikuandikwa kwa ajili yake. Navyo humwonyesha majumba, maduka na sahani za chakula bila ya kumwambia kwamba baadhi ya anavyovitazama vilitoka nyumbani. Msafiri wa namna hiyo ndiye niliyemkusudia katika makala haya.

Yampasa kwanza aijue habari ya jiwe la Shinkolobwe lenyewe. Mwaka 1915 Robert Rich Sharp, Mwingereza aliyekuwa akipeleleza madini kwa niaba ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoasisiwa mwaka 1906, aliona pale Shinkolobwe mawe ya manjano ambayo yalibainika kuwa ni ya urani. Siku zile urani yenyewe haikuwa na thamani kubwa. Kilichotafutwa ni rediamu, ambayo huzaliwa ndani ya urani kadiri inavyogeuka polepole kwa muda mrefu usiokadirika kwa umri wa mwanadamu, na ambayo matabibu waliitumia kuunguza uvimbe wa saratani. Nayo ni adimu kupita kiasi, hata katika tani tatu za urani hupatikana takriban gramu moja tu. Mawe yalichukuliwa kwa reli na kwa meli mpaka kiwanda cha Olen, si mbali na Antwerp, na tangu mwaka 1922 Ubelgiji ikawa ndiyo muuzaji mkuu wa rediamu duniani, mpaka Kanada ilipojitokeza kushindana nayo katika miaka ya 1930. Kisha vikaja vita. Na mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni, akapeleka New York zaidi ya tani 1,200 za mawe hayo, ambazo Wamarekani walizinunua mwaka 1942 kwa kazi ya siri, na urani ya Shinkolobwe ikaingia katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945.

Mwenye kuyajua hayo huutembea mji kwa macho mengine.

Siku ya kwanza na aipe Grand-Place, ule uwanja wa mawe uliozungukwa na nyumba za vyama vya mafundi na wafanyabiashara wa kale, ambao karibu wote uliteketezwa na mizinga ya Wafaransa mwezi wa Agosti 1695 na kujengwa upya kwa muda wa miaka michache tu, isipokuwa mnara wa jumba la baraza, wenye urefu wa mita 96, uliosalimika ilhali ndio uliokuwa ukilengwa. Ni pahali pazuri kwa kweli, wala sioni sababu ya kumnyima mtu uzuri wake. Kutoka hapo ni hatua chache mpaka Galeries Royales Saint-Hubert, njia ya maduka iliyoezekwa vioo tangu mwaka 1847, ambamo familia ya Neuhaus ilifungua duka la dawa mwaka 1857, na mjukuu wa mwasisi akabuni mwaka 1912 ile chokoleti yenye kitu laini ndani yake iitwayo praline. Katika ununuzi wa chokoleti nina nasaha moja: zile zilizotiwa malai hazidumu, wala haziwezi kustahimili joto la Likasi la mwezi wa Oktoba hata siku moja, basi anunue siku ya mwisho, achague zile ngumu, na azichukue mkononi.

Mintarafu chakula cha wenyeji, vitu vitatu vyatosha. Cha kwanza ni chipsi, zinazouzwa katika vibanda vya barabarani na kuliwa kwa uma mdogo, na siri yake ni kwamba mbatata hukaangwa mara mbili, mara ya kwanza kwa moto wa wastani ili ziive ndani, kisha huachwa zipoe, na mara ya pili kwa moto mkali ili zipate ganda. Nazo kwa desturi hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, kwa hiyo anayechunga halali na aulize. Cha pili ni kome wa baharini, waletwao mezani na sufuria yao, ambao mlaji hutumia kombe tupu la kwanza kuwa koleo la kuwabania waliosalia. Na kwa kuwa aghalabu hutiwa mvinyo mweupe, hapo pia suala la kuuliza lipo. Cha tatu ni gofre, na msafiri asidanganywe kwamba zote ni moja: ya Bruxelles ni nyepesi, ya mstatili, yenye kuvunjika kwa urahisi, ilhali ya Liège ni nzito na ina punje za sukari zilizoungulia ndani ya unga. Mimi naipendelea ya Liège, ikiwa moto, bila ya kuongezwa kitu.

Atomium, lile jengo la mipira tisa lililosimamishwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1958, lenye urefu wa mita 102, watu wengi wa kwetu hulitazama wakidhani kwamba ni mfano wa atomu ya urani. Sivyo. Mhandisi André Waterkeyn alikusudia fuwele ya chuma, yaani mpangilio wa atomu tisa za chuma, iliyokuzwa mara bilioni 165. Hata hivyo maonyesho yale yalikuwa na kijiji cha Wakongo, waliotazamwa na wapitao kama watazamwavyo wanyama wa bustani, hata baadhi ya watazamaji wakawatupia ndizi, nao wakaondoka kabla ya maonyesho kwisha. Ilibaki miaka miwili tu kabla ya uhuru.

Siku ya pili naitaka ianzie Place du Trône, nyuma ya jumba la mfalme, penye sanamu ya Leopold wa Pili akiwa juu ya farasi, iliyochongwa na Thomas Vinçotte na kuzinduliwa mwaka 1926. Wengi hupiga picha na kwenda zao. Mtu wa Likasi na asogee karibu, ainamishe kichwa, asome kibao kilichopo kwenye msingi wake, kisemacho kwamba shaba na bati ya sanamu hii vilitoka Kongo ya Kibelgiji, na kwamba vilitolewa bila malipo na Union Minière du Haut-Katanga. Maneno hayo ni machache, lakini sijaona katika mji ule wote maandishi yanayomhusu mtu wa Katanga kuliko hayo. Mwaka 2022 tume iliyopewa kazi na serikali ya mkoa wa Bruxelles kuchunguza alama za ukoloni ilitoa rai kwamba sanamu hii huenda ikafaa kuyeyushwa, au kuhamishwa. Mimi sina ugomvi na rai hiyo, maadamu kibao kinahifadhiwa, kwa sababu kibao ndicho ushahidi. Kimemtaja aliyetoa zawadi. Waliochimba shaba yenyewe hakikuwataja.

Kutoka hapo mpaka Porte de Namur hapapati dakika kumi kwa miguu, na hapo ndipo penye Square Patrice Lumumba, uwanja mdogo uliozinduliwa tarehe 30 Juni 2018, na nyuma yake mtaa wa Matonge, uliolichukua jina la Matonge ya Kinshasa. Asili yake ni nyumba ya wanafunzi iitwayo Maison Africaine, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wanafunzi wakavuta wafanyabiashara, wafanyabiashara wakavuta wasusi, na leo katika Chaussée de Wavre na katika Galerie d'Ixelles hupatikana makayabu, kwanga, fumbwa, ndizi za kupika, majani ya muhogo, viwavi waliokaushwa, na vitenge vya kila bei. Lugha itawalayo ni Kilingala. Lakini mtu akiingia dukani na kusema, "Jambo, mama," huweza kabisa kujibiwa kwa Kiswahili cha Lubumbashi na kuulizwa, "Mtoto wangu, unatoka wapi?" na akitaja Likasi, mazungumzo hayataisha upesi. Ndiyo sababu nasema: asijisumbue kubeba nyama ya kukaushwa wala maziwa kutoka nyumbani, kwani sheria ya Ulaya inakataza abiria kuviingiza, na mengi anayoyatamani yamekwisha kumtangulia.

Ununuzi mwingine nitautaja kwa tahadhari. Katika mtaa wa Marolles, kwenye Place du Jeu de Balle, kuna soko la vitu vikuukuu ambalo limekuwapo hapo tangu mwaka 1873 na huwekwa kila asubuhi, na miongoni mwa sahani na viti vya watu waliokufa hutokea barua, picha na vitabu vya zama za ukoloni. Picha ya Jadotville, kama Likasi ilivyoitwa wakati wa ukoloni, ya miaka ya 1930 ni ununuzi bora kuliko mkoba wa dukani, kwa kuwa itakuwa imerudi kwa wenyewe. Pembe za ndovu asizinunue kamwe, kwani biashara yake imefungwa kwa sheria kali. Na mawe ya Shinkolobwe yenyewe, ambayo wakusanyaji huuziana kwa majina kama kurite, bekerelite na kasolite, jina ambalo limetokana na Kasolo, jina jingine la pale Shinkolobwe, asiyaguse kwa nia ya kuyachukua: rangi zao za chungwa na manjano zinapendeza sana, lakini hutoa mionzi na gesi ya radoni, na chumba cha kulala si pahali pake. Kwa bidhaa za kawaida, asiyekuwa mkazi wa Ulaya anunuaye katika duka moja kwa zaidi ya kiwango kilichowekwa aweza kuomba kurudishiwa kodi. Na aombe hati yake dukani hapo hapo.

Siku ya tatu ni ya Tervuren, na isiwe Jumatatu, kwani makumbusho hufungwa. Tramu ya 44 kutoka Montgomery hupita katikati ya msitu wa Soignes mpaka karibu na jumba lililofunguliwa mwaka 1910, likafungwa mwaka 2013 kwa matengenezo, na kufunguliwa tena Desemba 2018. Humo mna hazina za mawe ya Katanga, na kinyago kikuu cha Waluba chenye pembe, na ukuta wenye majina ya Wabelgiji 1,508 waliokufa Kongo kabla ya mwaka 1908, ambao juu yake msanii Freddy Tsimba wa Kinshasa ameyafanya majina mengine yaanguke kama kivuli. Majina hayo ni ya Wakongo waliokuwa miongoni mwa watu 267 walioletwa Tervuren mwaka 1897 ili waonyeshwe, wakafa kwa maradhi katika kiangazi kilichokuwa baridi kwao.

Akitoka makumbushoni asirudi mjini mara moja. Na aende mpaka kanisa la Mtakatifu Yohana, kando yake, kwenye makaburi yao saba, ayasome majina kwa sauti: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, na Mibange.