Simu Kando ya Kitanda cha Mgonjwa

Hapa Likasi twajua sana kuficha maumivu. Mzee aliyetumika miaka mingi viwandani Shituru, akipatwa na kansa, huulizwa hali yake, naye hujibu, "Nzuri kidogo," asije akawahuzunisha watoto. Nao watoto humwambia daktari maneno yale yale. Basi mzee huumia usiku kucha, na mwenye dawa hana habari.

Yako maradhi yasiyoponyeka tena, lakini maumivu yake yaweza kutulizwa. Kazi hiyo huitwa tiba shufaa. Shida ni njia: toka kwetu hata Lubumbashi ni kilomita 120 hivi, na mgonjwa aliyedhoofika hawezi kusafirishwa kila juma.

Huko Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, ilijaribiwa programu ya simu iitwayo mPCL. Mgonjwa aliyerudi nyumbani aliulizwa hali yake mara mbili kwa juma. Maumivu yalipimwa kwa namba: 0 maana yake hayapo, 5 maana yake yamepita kiasi. Daktari bingwa alisoma majibu akiwa mbali, akashauriana na mhudumu wa afya aliye karibu na mgonjwa.

Lakini simu haibebi dawa. Lazima dawa iwepo karibu. Huko Uganda, Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na morfini ya unga ikachanganywa na maji, mgonjwa akainywa nyumbani kwake. Tena tangu 2004 wauguzi waliofundishwa kazi hiyo wana ruhusa ya kumwandikia mgonjwa morfini, asingojee daktari.

Wako wanaoona haya kuipokea, wakidhani Mkristo hana budi kuvumilia tu. Wakumbuke kwamba mwaka 1957 Papa Pius XII alifundisha ya kuwa ni halali kutuliza maumivu makali kwa dawa za namna hii, pasipo njia nyingine, hata zikifupisha maisha, maadamu nia si kuua.

Nawe mwanafunzi ujuaye kuandika, waweza kuanza leo hata bila programu. Chukua daftari. Asubuhi na jioni mwulize mgonjwa wenu kwa heshima, "Babu, maumivu ni namba ngapi?" Andika namba pamoja na saa. Kisha mzazi ampigie simu muuguzi, amsomee namba zote kama zilivyo, bila kupunguza hata moja.